2'-OMe, 2'-F, PS, GNA, GalNAc: ukitaka kuzima jeni kwa siRNA unachagua kipi?

Wadau wa baiolojia, hii ni kwa yeyote anayepanga kuagiza siRNA (vipande vifupi vya RNA vinavyozima jeni) kwa ajili ya utafiti wake, au anayesoma kuhusu hizi dawa mpya za kuzima jeni na kila akifungua makala anakutana na OMe, F, PS, GNA, LNA, GalNAc hadi anachoka. Msimamo wangu nausema mapema: usianze na swali la kemia ipi, yaani badiliko lipi la kikemia unaloweka kwenye RNA, ni kali kuliko nyingine, anza na siRNA yako inaenda wapi na inatakiwa ikae huko muda gani. Seli za kwenye sahani za maabara siku tatu ni habari moja, ini la binadamu miezi sita ni habari nyingine kabisa, na kemia inayokufaa huku inaweza ikawa hasara tupu kule.

Kwa wale wasio wa fani, haraka haraka. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha kwenye minyoo wadogo wa C. elegans kwamba RNA ya nyuzi mbili inazima jeni inayofanana nayo, wakapewa Nobel 2006. Mwaka 2001 kundi la Thomas Tuschl kule Ujerumani wakaonyesha kwamba vipande vifupi vya nukliotidi 21 (nukliotidi ni zile herufi zinazojenga RNA), ndo hizi siRNA, vinafanya kazi hiyo hiyo kwenye seli za mamalia, na hapo ndo wazo la dawa likapata miguu. siRNA ina nyuzi mbili, uzi elekezi na uzi abiria. Ikiingia ndani ya seli, protini inayoitwa Ago2 inaupokea uzi elekezi, abiria anatupwa, halafu uzi elekezi unatafuta mRNA (nakala ya jeni inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini) inayolingana nao na Ago2 inaikata, sehemu moja tu, mkabala na katikati ya nukliotidi ya 10 na ya 11. mRNA ikikatwa protini haitengenezwi. Na uzi mmoja haukati mara moja ukaisha, unaendelea na mRNA inayofuata na inayofuata, ndo maana dozi ndogo inaweza kufanya kazi kubwa.

Shida ni kwamba RNA mbichi, yaani ambayo haijaguswa kikemia, haidumu. Ukiiingiza kwenye damu vimeng'enya vinaitafuna ndani ya dakika chache, na ile inayobaki figo zinaichuja na kuitoa kwenye mkojo kwa sababu ni ndogo, ina uzito wa kama dalton 13,000 hivi. Juu ya hapo mfumo wa kinga unaiona kama virusi, vipokezi vya TLR3, TLR7 na TLR8 vinapiga kelele. Hii iliwaumiza watu mapema sana. Kulikuwa na majaribio ya kuchoma siRNA mbichi ndani ya jicho kwa wagonjwa wa retina, afu mwaka 2008 utafiti wa panya ukaonyesha kwamba mishipa ya damu ilikuwa inapungua hata kwa siRNA isiyolenga jeni yoyote, kazi ilikuwa inafanywa na TLR3, wala siyo kuzimwa kwa jeni. Mwaka 2009 jaribio kubwa la bevasiranib, mojawapo ya hizo siRNA za jicho, likasimamishwa. Tangu hapo mtu makini haongelei dawa ya siRNA bila kuongelea kemia yake.

2'-OMe na 2'-F

Hawa wawili ndo msingi, na ukielewa tofauti yao umeshaelewa nusu ya mambo yote. RNA inajulikana kwa kile kikundi cha OH kwenye kaboni ya 2' ya sukari yake, na hicho hicho ndo udhaifu wake, vimeng'enya vingi vinakitumia kuikata. Kwa hiyo unakiondoa au unakifunika. Ukiweka methili juu ya oksijeni unapata 2'-O-methili, ukitoa OH yote na kuweka florini unapata 2'-floro.

2'-OMe ina sifa moja ninayoipenda sana: ipo tayari mwilini mwetu, RNA za raibosomu na tRNA zimejaa methili za aina hii kiasili. Kwa hiyo kinga ya mwili inaiona kama ya nyumbani. Hata ukibadilisha U chache tu kwenye siRNA ukaziwekea OMe, makelele ya TLR7 yanapungua sana au yanaisha. Na kwa kuzuia vimeng'enya iko imara kuliko F. Tatizo lake ni unene, methili inachukua nafasi, na ukijaza OMe kila mahali Ago2 inashindwa kushika uzi vizuri na siRNA yako inakuwa imara kabisa ila haifanyi kazi. Nafasi nyeti zaidi kwenye uzi elekezi ni ya 2 na ya 14 ukihesabia kutoka ncha ya 5' (mwanzo wa uzi), na kwenye uzi abiria ni zile za katikati zinazotazamana na sehemu ya kukatia.

Hapo ndo 2'-F inaingia. Florini ni ndogo, inakaribiana na OH yenyewe, sukari inabaki na umbo lile lile la RNA, Ago2 haioni tofauti kubwa, na isitoshe nyuzi zinashikana kwa nguvu zaidi. Ubaya wake ni kwamba haiko kwenye RNA ya asili, na uimara wake mbele ya vimeng'enya ni mdogo kuliko wa OMe. Mwanzoni watu walikuwa wanapishanisha F na OMe karibu nusu kwa nusu. Baadaye ikaonekana kwamba ukipunguza F ukabakiza zile zinazohitajika kweli, sehemu nyeti tu, na kwingine kote ukaweka OMe, dawa inadumu zaidi ndani ya wanyama na nguvu haipungui, inaongezeka. Dawa za siku hizi zimeegemea huko, OMe ndo wengi, F ni wachache na kila mmoja yupo mahali pake kwa sababu.

Kwa hiyo ukiniuliza OMe au F, jibu langu ni zote mbili, lakini siyo sawa kwa sawa. Ukiona mtu anakuuzia siRNA ya aina moja tupu kwa matumizi ya mnyama mzima, muulize nafasi ya 2 na 14 kaweka nini.

PS: ncha tu, usijaze

Fosforothioeti, au PS kama wengi tunavyoiita, haigusi sukari, inagusa ule uti wa fosfati. Unatoa oksijeni moja unaweka salfa. Vimeng'enya vinavyotafuna kuanzia nchani vinakwama. Kwenye dawa za antisense, ambazo nazo zinalenga RNA ila zina uzi mmoja tu, watu wanajaza PS uti wote, kwa sababu kule PS inasaidia pia dawa ishikamane na protini za damu isikimbilie kwenye figo. Kwenye siRNA mambo ni tofauti, PS nyingi zinalegeza mshikano wa nyuzi, zinashika protini ovyo, na sumu inaongezeka. Mbili kila ncha inayohitaji ulinzi zinatosha. Kama unatoka kwenye antisense na umezoea kujaza PS, hii tabia iache mlangoni.

LNA na MOE nazipitia kwa haraka. LNA ina daraja linalofunga sukari isicheze, mshikano unapanda kwa nyuzi joto kadhaa kwa kila moja unayoweka, nzuri kwa kutambua microRNA (RNA fupi za asili zinazopunguza kazi ya jeni) au kwa antisense, ila kwenye siRNA inafanya uzi uwe mgumu mno, ukitaka kuitumia weka moja au mbili kwenye uzi abiria basi. MOE ni nyumbani kwa antisense, nusinersen ile ya watoto wenye ugonjwa wa misuli wa SMA iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2016 imejengwa kwa MOE tupu. Kwa siRNA mi nisingeanza nazo.

GNA: badiliko moja dogo linalookoa ini

Hapa nitakaa kidogo maana naona watu wengi wanaruka hii sehemu. Uzi elekezi ukiwa ndani ya Ago2, zile nukliotidi za 2 hadi 8 ndo zinaanza kutafuta mRNA, tunaziita mbegu. Tatizo, mbegu ya herufi saba inaweza kufanana na mRNA nyingi ambazo hukuzikusudia, na Ago2 inazishusha hizo nazo, taratibu, kidogo kidogo, mithili ya microRNA. Kwenye seli za sahani unaweza usione. Kwenye ini la mnyama anayepewa dozi kubwa wiki hadi wiki utaona vimeng'enya vya ini vinapanda kwenye damu, dalili kwamba ini linaumia.

Kwa muda mrefu watu walidhani sumu ya aina hiyo inatokana na kemia yenyewe, F au PS. Mwaka 2018 ikachapishwa kazi iliyofanywa kwa panya, wakabadilisha kemia na sumu ikabaki pale pale, lakini walipozuia uzi elekezi usipakiwe kwenye Ago2 sumu ikapungua sana. Maana yake mkosaji ni mbegu. Suluhisho walilolipata ni kuweka GNA, nukliotidi yenye glaikoli badala ya sukari ya kawaida, mahali pamoja tu, nafasi ya 7 ya uzi elekezi. GNA inalegeza mshikano pale kwenye mbegu, kwa hiyo zile mRNA zinazolingana na mbegu peke yake zinaachwa, ila lengo lenyewe lililolingana kuanzia mwanzo mpaka mwisho linaendelea kukatwa.

Mfano mzuri kuliko yote uko kwenye homa ya ini B, ugonjwa ambao huku kwetu Afrika Mashariki hauhitaji utambulisho. Ilitengenezwa siRNA inayoitwa ALN-HBV, ikajaribiwa kwa watu wazima wenye afya, kimeng'enya cha ini kinachoitwa ALT kikapanda kwa baadhi yao. Wakachukua mfuatano ule ule, wakaweka GNA moja, ikawa VIR-2218, na kwenye majaribio ya binadamu kupanda kwa ALT kukapungua wazi wazi. Mfuatano mmoja, badiliko moja, na tofauti inaonekana kwenye damu ya mtu. Kwa ugonjwa ambao ini tayari limeshaumizwa na virusi, hilo ni jambo kubwa mno, ndo maana nasema ukibuni siRNA ya ini kwa matumizi ya muda mrefu usiiache GNA au nyingine ya kulegeza kama UNA hadi dakika ya mwisho, ijaribu mapema ukiwa bado unachuja mifuatano.

LNP au GalNAc: kuifikisha

Kemia ya uzi ni nusu, nusu nyingine ni usafiri, na hizi mbili zinategemeana kuliko watu wanavyodhani.

LNP ni chembe ndogo sana za mafuta zinazoibeba siRNA ndani. Kwenye damu zinajipaka protini ya ApoE na ini linazimeza kupitia kipokezi cha LDL. Patisiran, iliyoidhinishwa Marekani Agosti 2018 na ikawa dawa ya kwanza kabisa ya siRNA, inatumia njia hii kuzima jeni ya TTR kwa wagonjwa wa amiloidosisi ya kurithi, ugonjwa ambao protini ya TTR inarundikana kwenye mishipa ya fahamu na moyo. Kwa sababu chembe inailinda, uzi wenyewe haukuhitaji kemia nyingi, una OMe chache tu na dT (nukliotidi ya DNA) nchani, basi. Ila mgonjwa ndo anabeba mzigo: dripu kila wiki 3, kama dakika 80 kila mara, na kabla ya dripu anapewa dawa aina ya steroidi, paracetamol na dawa mbili za kuzuia mzio ili mwili usilipuke.

GalNAc ni sukari. Unashonea tatu kwenye ncha ya uzi abiria na inafanya kazi kama anwani kwenye bahasha, inasomeka na kipokezi cha ASGPR ambacho seli za ini zinacho kwa wingi sana na kinarudi juu ya seli kuchukua mzigo mwingine ndani ya muda mfupi. Hamna mafuta, sindano ni ya chini ya ngozi. Lakini siRNA ikisafiri hivi iko uchi, hamna ganda la kuilinda, kwa hiyo kila nukliotidi lazima iwe imebadilishwa. Na ikishamezwa, sehemu kubwa inabaki imefungiwa kwenye vifuko vya ndani ya seli vyenye tindikali na vimeng'enya, kinachotoka kwenda kwa Ago2 ni chini ya asilimia 1. Ukisikia hivyo unaweza kukata tamaa, ila kama kemia ni imara hivyo vifuko vinageuka ghala, siRNA inavuja kidogo kidogo kwa miezi. Inclisiran ya kushusha kolesteroli inachomwa miligramu 284, tena baada ya miezi 3, afu kila miezi 6, na LDL, ile kolesteroli mbaya, inashuka kwa takriban nusu. Bila ile kemia ya uzi mzima ratiba hiyo isingewezekana.

Sasa angalia hizi mbili, zote GalNAc, zote zinalenga TTR. Revusiran ilikuwa na kemia ya kizazi cha kwanza, F na OMe zikipishana, ulinzi wa PS hafifu. Ilibidi ichomwe miligramu 500 kila wiki. Oktoba 2016 ilisimamishwa kwa sababu vifo vilikuwa vingi upande wa waliopewa dawa, 18 dhidi ya 2 kwa waliopewa dawa bandia, japo waliopewa dawa walikuwa mara mbili kwa idadi, na uchunguzi uliofuata haukuweza kuthibitisha sababu. Vutrisiran ikaja na F chache, OMe nyingi, PS kwenye ncha zinazostahili: miligramu 25 kila miezi 3, ikaidhinishwa Juni 2022 kwa mishipa ya fahamu na Machi 2025 kwa moyo. Piga hesabu ya mwaka, gramu 26 dhidi ya gramu 0.1. Yaani mwili unapokea dawa mara 260 pungufu. Mtu akikuambia mpangilio wa F na OMe ni mambo madogo ya wakemia, mpe hizo namba mbili. Na huu ugonjwa unatuhusu watu weusi pia, kuna badiliko la TTR linaloitwa V122I ambalo linabebwa na kama asilimia 3 hadi 4 ya Wamarekani weusi, chimbuko lake likiwa Afrika Magharibi, na linashambulia moyo.

Kuna jambo la friji ambalo wenzetu wa nchi zenye umeme wa uhakika huwa wanalipita juu juu. Patisiran inataka nyuzi joto 2 hadi 8. Vutrisiran inakubali 2 hadi 30. Inclisiran inakaa kwenye joto la kawaida la chumba. Kwa hospitali ya wilaya ambayo umeme unakatika, sindano mbili kwa mwaka isiyodai friji ni dawa inayoweza kufika kwa mgonjwa kweli, bei ikiruhusu, na bei kwa sasa hairuhusu. Ndo maana mimi kwa chochote kinacholenga ini naenda GalNAc bila kusita. LNP ibaki kwa vitu vikubwa kama mRNA.

Nje ya ini GalNAc haikusaidii kitu. Kwa ubongo kuna mnyororo wa mafuta wa kaboni 16, C16, unaoshonewa katikati ya uzi abiria na dawa inachomwa kwenye maji ya uti wa mgongo, na mivelsiran inayolenga jeni ya APP kwa wagonjwa wa Alzheimer iko kwenye majaribio kwa njia hiyo. Kwa misuli wapo wanaotumia kingamwili inayoshika kipokezi cha transferini. Na huku kote weka 5'-vinilifosfoneti kwenye uzi elekezi, kwa sababu Ago2 inataka fosfati pale nchani, na fosfati ya kawaida inanyofolewa na vimeng'enya kabla haijafika, hii haing'oki kirahisi.

Haya, uagize nini

Kama kazi yako ni seli za sahani, siku tatu hadi tano, na unatumia kemikali ya mafuta kuingiza siRNA, usiunguze pesa ya ruzuku. Chukua siRNA ya kawaida, labda na OMe chache kwenye uzi abiria ili asipakiwe yeye badala ya uzi elekezi. Hiyo pesa uliyookoa nunua mifuatano mitatu tofauti ya jeni ile ile, kwa sababu matokeo yakifanana kwa mifuatano yote ndo unaweza kusema ni jeni yako na siyo mbegu.

Kama ni seli za kinga, zile zinazotoka kwenye damu, OMe siyo anasa, bila hiyo utapima interferoni (protini za kinga dhidi ya virusi) ukadhani ni matokeo ya jeni.

Kama ni ini la panya: GalNAc, nyuzi zote OMe, isipokuwa F kwenye nafasi ya 2 na 14 za elekezi na katikati ya abiria, PS mbili mbili kwenye ncha zote mbili za elekezi na ncha ya 5' ya abiria. Hakikisha mfuatano unalingana na jeni ya panya, siyo ya binadamu peke yake. Ukiona ALT inapanda, jaribu GNA kwenye nafasi ya 7 kabla hujautupa mfuatano.

Na siRNA yako ya kulinganishia, ile isiyolenga kitu, lazima iwe na kemia ile ile, idadi ile ile ya F, OMe na PS, pamoja na GalNAc yake. Ukilinganisha siRNA iliyovaa kemia kamili na kontroli mbichi hujapima jeni, umepima kemia, na mhakiki wa jarida atakurudishia kazi yako ukurasa wa kwanza.